Siku Nne kwenye Mawe ya Kereita

Tuliiahirisha safari hii mara mbili kwa sababu ya mvua za masika, na hatimaye tukaondoka Jumatano moja ya mwezi wa Agosti, wakati ambapo shule zimefungwa na baridi ya nyanda za juu bado haijalegea. Tulikuwa watatu. Mimi nafundisha Kiswahili katika shule ya sekondari mashariki mwa Nairobi, na baiskeli ya milimani nimeiendesha kwa miaka sita sasa. Mwenzangu wa pili alikuwa mpwa wangu, binti wa dada yangu, mwanafunzi wa chuo kikuu ambaye miguu yake haijui kuchoka. Wa tatu alikuwa fundi wetu wa baiskeli, mzee wa miaka 58 mwenye kibanda Ngara, ambaye alijifunza kazi hii kwa kukaza njiti za baiskeli za wauza maziwa kabla hata baiskeli zenye gia hazijaonekana mitaani kwetu.

Nia yangu ilikuwa moja, nami niliwaambia mapema ili wasije wakadhani tunakwenda kutalii tu. Ndani ya msitu wa Kereita, kwenye ncha ya kusini ya milima ya Nyandarua, kuna kijia kinachoshuka kwenye korongo juu ya mawe yaliyojipanga kama ngazi, na mizizi imepita baina yake. Nimefika hapo mara mbili katika miaka iliyopita na mara zote mbili nimeibeba baiskeli begani. Nilitaka safari hii niishuke ngazi ile nikiwa juu ya pedeli.

Siku ya kwanza: Karura hadi Limuru

Tuliingia Msitu wa Karura kupitia lango la Barabara ya Kiambu kiasi cha saa kumi na mbili na nusu asubuhi, umande ukiwa bado unadondoka kutoka majanini. Barabara ya lami ingetufikisha Ruaka mapema zaidi, lakini fundi alisisitiza tupitie msituni, kwa kuwa alitaka kuona baiskeli zinavyochukua mizigo kwenye udongo kabla hatujafika mahali ambapo kosa dogo lina gharama kubwa. Karura ina eneo la hekta zipatazo 1,000, na njia zake za baiskeli ni za udongo mwekundu ulioshindiliwa na magurudumu ya miaka mingi, hivi kwamba mtu anayejifunza anaweza kufanya makosa hapo na bado akarudi nyumbani mzima.

Kila nipitapo hapa humkumbuka Profesa Wangari Maathai, ambaye mnamo Januari 1999 alipigwa hadi akajeruhiwa kichwani, yeye pamoja na wenzake, walipokuja kupanda miti katika ardhi hii iliyokuwa imekwisha kugawiwa watu wa kujenga majumba. Mpwa wangu alizaliwa mwaka 2004, mwaka uleule Profesa alipotunukiwa Tuzo ya Amani ya Nobel, na kwake yeye Karura ni mahali palipokuwapo siku zote, kama vile mto ulivyo. Nilimsimulia habari hizo tukiwa tunapanda kilima cha kwanza polepole, naye akanyamaza kwa muda mrefu, kisha akauliza ni sehemu gani hasa walipotaka kuupanda mti huo.

Karibu na mto fundi alitusimamisha, akayabonyeza matairi yote sita kwa kidole gumba, kisha akayapima kwa geji yake ndogo. Matairi yetu ni ya inchi 29 na hayana tyubu. Ndani yake mna utomvu mweupe unaoziba tundu dogo papo hapo mwiba unapoingia. Tulikuwa tumeyajaza hadi pauni 35 kwa kila inchi ya mraba kwa ajili ya lami, na fundi akaeleza kwamba tutayaacha hivyo hadi Kimende, kisha tutayapunguza hadi pauni 23 au 24 tutakapoyafikia mawe, kwa kuwa tairi gumu hurushwa na jiwe ilhali tairi lililolegea kidogo hulikumbatia. Likilegea kupita kiasi nalo, rimu hugonga jiwe na kupinda. Baina ya makosa hayo mawili mna pauni chache tu, na ndiyo maana yeye haamini kidole chake peke yake hata baada ya miaka yote hiyo.

Kutoka lango la Barabara ya Limuru hadi Ruaka hatukuwa na raha. Matatu zilikuwa nyingi, ukingo wa lami umemeguka mahali pengi, na mwendesha baiskeli hulazimika kuchagua baina ya shimo na bampa ya gari. Ningependa watu wa Nairobi waweze kuufikia mlima wao bila kupitia hatari ya namna hii.

Baada ya Banana mambo yalibadilika. Hewa ilianza kupoa, migomba na mahindi yakapisha majani ya chai, na barabara ikawa inapanda bila kuchoka kuelekea Tigoni. Chai ililetwa Kenya na kupandwa kwa mara ya kwanza huku Limuru mwaka 1903, na mtu anayepanda kwa baiskeli huelewa kwa mapafu yake sababu ya mmea huo kulipenda eneo hili: Karura iko mita zipatazo 1,700 juu ya usawa wa bahari, Limuru imepita mita 2,200, na kwa kila mita 1,000 unazopanda joto hupungua kwa nyuzi sita au zaidi kidogo. Tulifika Limuru saa nane mchana tukiwa na jasho mgongoni na vidole vya baridi. Tukapata nyumba ya wageni, tukala mukimo na nyama ya mbuzi, tukalala mapema.

Siku ya pili: Limuru hadi lango la msitu

Asubuhi ukungu ulikuwa mzito kiasi cha kutoiona nyumba ya pili. Tuliifuata barabara ya zamani inayokwenda sambamba na reli kuelekea Uplands, taa zikiwa zimewashwa, tukiwasikia watu kabla hatujawaona.

Kimende tulipumzika kwa shosho mmoja anayeuza chai na nduma kando ya barabara. Alizitazama baiskeli zetu kwa makini, akagusa foki ya mbele ya mpwa wangu ikashuka na kupanda, akauliza, "Na hiki chuma kinachobonyea ni cha kazi gani, mwanangu?" Mpwa wangu akamweleza kwamba kinameza mshtuko wa jiwe ili mikono isiumie. Shosho akatikisa kichwa, akasema kwamba mumewe alibeba viazi kwa baiskeli kutoka Kinale kwa miaka 30, na mikono ndiyo iliyokuwa ikimeza. Fundi aliinua helmeti yake kidogo kwa heshima. Wakati huohuo alipita kijana akiendesha Black Mamba, baiskeli nzito ya chuma yenye gia moja, nyuma amefunga magunia mawili ya kabeji, akapanda kilima bila kusimama huku akitusalimu.

Kabla ya kugeukia msituni tulizunguka kidogo hadi kwenye ukingo wa Bonde la Ufa, kwa kuwa ukungu ulikuwa umeanza kupasuka. Chini kabisa palionekana uwanda wa rangi ya simba, na ng'ambo yake Longonot, volkano yenye kimo cha mita 2,776, mdomo wake ukiwa wazi. Waliojenga reli ya Uganda walifika Nairobi mwaka 1899, kisha wakakutana na ukuta huu, na kwa muda wakalazimika kuyateremsha mabehewa kwa kamba za chuma kabla njia ya kudumu haijachongwa. Nilisimama pale nikiutazama mteremko ule, nikahisi kwamba mtu anayekwenda kujifunza kushuka alipaswa kuupitia.

Njia ya kutoka Kimende kwenda Kereita hupita katika mashamba ya viazi, karoti na kabeji, kisha ghafla mashamba hukoma na msitu huanza, kama kitabu kilichofunuliwa ukurasa mwingine. Langoni tulilipa ada, tukaandikisha majina, na askari wa misitu akatupa masharti kwa sauti ya upole isiyokubali mjadala.

"Karibuni. Baiskeli zisionekane njiani baada ya saa kumi na moja jioni. Tembo wanapita."

"Tumeelewa, afande," fundi akajibu. "Wamepita lini mara ya mwisho?"

"Jana."

Alasiri hiyo tulipunguza upepo wa matairi hadi pauni 23, tukashusha viti, tukaanza mazoezi katika njia fupi za karibu. Nataka nieleze kwa utulivu jambo ambalo fundi alilirudia hadi tukalikariri, kwa sababu wengi wanaoanza mchezo huu huko kwetu Nairobi hununua baiskeli ya bei kubwa na hawalijui. Unaposhuka juu ya mawe, hukai. Unasimama juu ya pedeli mbili zilizo sawa, moja mbele na moja nyuma, magoti na viwiko vimelegea, nyonga zimerudi nyuma ya kiti, na uzito wote uko miguuni wala si mikononi. Kidole kimoja tu kinakaa juu ya kila breki. Breki ya mbele ndiyo yenye nguvu zaidi ya kusimamisha, na kwa hiyo ndiyo inayoweza kukurusha juu ya usukani. Unaitumia kabla ya jiwe, ukiwa bado kwenye udongo unaoshika, kisha unaiachia gurudumu lipande juu ya jiwe likiwa huru. Mzizi unaukata kwa pembe ya mraba. Ukiupitia kwa mshazari ukiwa umelowa, gurudumu linateleza kando kana kwamba limepakwa sabuni.

La mwisho linahusu jicho. Baiskeli hufuata macho. Ukilitazama jiwe unaloliogopa, utaligonga. Ukiitazama nafasi iliyo baada yake, mita nne au tano mbele, mikono itakupeleka huko bila kuagizwa. Kwa mwalimu wa lugha somo hili lilikuwa na sura niliyoizoea, kwani msomaji anayejikwaa darasani ni yule anayelitazama neno moja moja, ilhali anayesoma vizuri jicho lake limekwisha kufika mwisho wa sentensi.

Usiku tulipiga hema karibu na kituo cha walinzi. Baridi ilipenya kila mahali, na mbega walinguruma mitini kwa zamu, kundi moja likijibu jingine kutoka ng'ambo ya korongo, hadi nikapitiwa na usingizi.

Siku ya tatu: ngazi ya mawe

Hii ndiyo siku niliyoijia.

Askari mmoja mwenye bunduki alitusindikiza, akitembea haraka mbele yetu kwenye miinuko na kutusubiri kwenye njia panda. Kwanza tulipanda kwa muda wa saa moja na nusu katika njia pana ya mawe yaliyolegea, tukipita chini ya podo na tarakwa wakubwa, ambao magome yao yamechanika nyuzi nyuzi. Kupanda juu ya mawe yaliyolegea kuna ufundi wake: gia nyepesi, kifua karibu na usukani ili gurudumu la mbele lisiinuke, na uzito wa kutosha nyuma ili tairi lisizunguke bure. Mahali palipokuwa na mawe makubwa hatukuzungusha pedeli mzunguko kamili, bali robo mbele na robo nyuma, ili pedeli ya chini isigonge jiwe na kutuangusha. Katika kimo hiki, ambacho sehemu zake za juu hupita mita 2,500, kila pumzi ina oksijeni pungufu kwa zaidi ya robo ikilinganishwa na Mombasa, na mtu huligundua hilo pale anapotaka kusema sentensi ndefu akashindwa kuimaliza.

Mwamba wa hapa ni wa volkano. Baadhi ya tabaka za eneo hili wanajiolojia wameziita kwa jina la Limuru, trakaiti ya Limuru, na ukilishika jiwe lililovunjika utaliona ni la kijivu, lenye chembe ndogo zinazokwaruza. Likiwa kavu linashika tairi vizuri. Likivikwa kuvumwani na kulowa kwa manyunyu ya Agosti, haliaminiki hata kidogo. Ndivyo lilivyokuwa asubuhi ile.

Tuliingia katika mianzi, ambamo mwanga ulipungua na sauti zikafa, kisha tukakuta kinyesi cha tembo kilichokuwa bado kinatoa mvuke. Askari aliinua mkono. Tulisimama pale kwa muda wa robo saa bila kusema neno, tukisikiliza mianzi ikivunjika mahali fulani upande wa kulia, sauti ikienda mbali nasi kidogo kidogo, hadi alipotuashiria tuendelee. Moyo wangu haukutulia kwa muda mrefu baada ya hapo, na naamini hilo lilichangia yaliyofuata.

Ngazi ya mawe huanza ghafla. Kijia kinapinda kushoto kuzunguka mti mkubwa wa muiri, kisha ardhi inashuka. Nilihesabu ngazi 11, baadhi zikiwa na kimo cha kiganja na nyingine zikifika gotini, na baina ya ya sita na ya saba unapita mzizi mnene kama mkono wa mtu mzima, umekwenda mshazari kabisa. Fundi alitangulia. Alishuka polepole, kiasi kwamba mtu anayetembea angempita, mwili wake ukipanda na kushuka juu ya baiskeli kama mtu anayekanda unga, na alipofika chini alishusha mguu mmoja, akageuka, akasubiri. Mpwa wangu akafuata kwa kasi zaidi, gurudumu lake la nyuma likateleza kwenye mzizi, akalirudisha kwa nyonga, akafika.

Mimi nilizipita ngazi tano. Nilipouona mzizi, macho yangu yaliganda juu yake, na vidole vyangu vikaikaba breki ya mbele nikiwa tayari juu ya jiwe lililolowa. Gurudumu liliponyoka kushoto, likaingia baina ya mawe mawili, nami nikaangukia bega la kulia na upande wa kichwa. Nilisikia helmeti ikigonga, mlio mkavu wa karibu sana. Nilibaki nimelala nikiyatazama majani ya muiri juu yangu, nikijaribu kidole kimoja kimoja.

"Mjomba! Mjomba, usiinuke!" mpwa wangu alipiga kelele akipanda mbio.

Sikuwa nimevunjika. Bega lilichubuka, goti likavuja damu, na helmeti ikapata ufa mrefu ambao bila shaka ungekuwa mahali pengine. Fundi aliniuliza mwaka, siku na jina la mpwa wangu, akanitazama machoni, akanikalisha kwa nusu saa kabla ya kuniruhusu kusimama. Wakati nimekaa pale nilimfikiria Suleiman Kangangi, nahodha wa Team Amani, Mkenya aliyewafungulia vijana wengi wa Afrika Mashariki njia ya mashindano ya baiskeli, ambaye Agosti 2022 alianguka katika mashindano ya barabara za changarawe huko Vermont, Marekani, akafariki. Mtu stadi kuliko sisi sote. Tangu siku ile nimekuwa nikikataa mtu yeyote katika kundi letu apande baiskeli bila helmeti, hata kama anakwenda dukani tu.

Baiskeli yangu ilihitaji kazi. Rimu ya mbele ilipinda, na ubavu wa tairi ulipasuka kiasi cha urefu wa kucha, tundu ambalo utomvu hauwezi kuliziba. Fundi alitoa tairi, akalipangusa ndani, kisha akakata kipande cha pakiti ya maziwa aliyokuwa ameikunja mkobani, akakiweka nyuma ya mpasuko ili kiuzuie usitanuke, akaingiza tyubu ya akiba na kujaza upepo. Rimu aliinyoosha kwa ufunguo wa njiti, akiigeuza baiskeli juu chini na kutumia kipande cha kijiti kilichofungwa kwenye foki kama kipimo: upande ambao rimu iligusa kijiti alilegeza njiti za upande huo na kukaza za upande wa pili, robo mzunguko kila mara, akazungusha tena, akatazama tena. Ilimchukua karibu saa nzima. Breki zetu ni za diski, hazishiki rimu, kwa hiyo mpindo mdogo uliobaki haukutuzuia. Askari alikuwa ameweka bunduki magotini akitazama kila hatua, na mwishowe akasema kwamba ana baiskeli nyumbani inayolia hivyohivyo, akaomba aonyeshwe tena namna ya kujua njiti ipi ilegezwe.

Mchana tulipumzika karibu na pango ambalo wapiganaji wa Mau Mau walijihifadhi katika miaka ya 1950, tukala viazi vilivyochemshwa na mayai. Mdomo wa pango ni mpana, na ndani maji hudondoka. Nilifikiria jinsi watu wale walivyopita kwenye mawe haya usiku, bila taa, wengine bila viatu, na ngazi yangu ikapungua kimo kidogo akilini mwangu.

Saa tisa nilirudi kwenye muiri. Safari hii niliiacha baiskeli juu nikaishuka ngazi kwa miguu, polepole, nikiweka kiganja juu ya kila jiwe kuona lipi limelowa na lipi limekauka kwa jua la mchana. Niligundua jambo ambalo sikuwa nimeliona katika safari zote tatu: upande wa kulia wa ngazi ya sita mna bamba la mwamba lililo wazi, kavu, lisilo na kuvumwani, na kutoka hapo mzizi unaweza kukatwa kwa pembe karibu ya mraba. Kila mara nilikuwa nimepita kushoto, kwa sababu kushoto ndiko kunakoonekana laini kutoka juu. Nikarudi juu, nikashuka tena kwa miguu, nikarudi tena. Mara tatu. Fundi hakusema kitu.

Kisha nikapanda. Ngazi ya kwanza, ya pili, breki nikaziachia, ya tatu, bega likauma, ya nne, ya tano. Nikaelekea kulia, tairi likalishika bamba, nikatazama mbele kwenye udongo mweusi chini ya ngazi ya mwisho, na mzizi ukapita chini yangu bila hata kunitikisa. Nikazipita ya saba, ya nane na ya tisa. Kwenye ya kumi, iliyo ndefu kuliko zote, nilihisi uzito ukinivuta mbele, nikaweka mguu chini. Ngazi mbili za mwisho nikazishuka nikiikokota baiskeli. Mpwa wangu alinikumbatia upande usiouma. Jua lilikuwa limekwisha kwenda nyuma ya ukingo wa bonde, na afande alikuwa akiitazama saa yake.

Siku ya nne: Gatamaiyu, Githunguri, Ngara

Bega lilikuwa limevimba kiasi kwamba kuvaa mkoba kulihitaji msaada, na kwa hiyo fundi alichukua hema langu juu ya mzigo wake. Tuliondoka mapema tukaelekea mashariki, kuingia upande wa Gatamaiyu, kwenye vijito vya maji baridi na safi ambavyo watu huja kuvua samaki aina ya trauti. Sikuweza kuinua gurudumu la mbele, kwa hiyo kila palipokuwa na jiwe la kimo cha kiganja nilishuka. Njia hii ni laini kuliko ya jana, imetandikwa majani, na mtu mwenye bega zima angeifurahia sana.

Msitu ulipoisha tulikutana na ukanda wa chai uliopandwa ukingoni mwake. Maeneo haya ya Nyayo yalianzishwa mwaka 1986 ili chai iwe kizuizi baina ya mashamba na miti, na ukiwa juu ya baiskeli unauona mpaka huo waziwazi: kijani cheusi nyuma yako, kijani kibichi miguuni, kisha mabati ya nyumba.

Kutoka hapo tuliufuata mgongo wa kilima kushuka kuelekea Githunguri. Nchi hii imekatwa na mito inayokwenda sambamba, kwa hiyo anayefuata mgongo hushuka kwa raha, na anayekosea njia akaingia bondeni hulipia kwa kupanda ukuta wa ng'ambo. Tulikosea mara moja. Wakulima walikuwa wakipeleka maziwa, mitungi ya alumini ikigongana juu ya pikipiki na baiskeli. Mito ya huku ndiyo inayolijaza bwawa la Ruiru, mojawapo ya mabwawa yanayoipa Nairobi maji, na mpwa wangu, ambaye bweni lao hukaa siku mbili tatu bila maji, alisimama darajani akiyatazama yakipita kwa muda mrefu.

Kiambu tulikunywa chai. Karura tuliipita bila kusimama, mavumbi mekundu yakitua juu ya matope meusi ya Kereita. Saa kumi jioni tulikuwa Ngara, na mpwa wangu akaenda kupanda matatu ya chuoni. Nilimwambia fundi kwamba baiskeli yangu inaweza kungoja hadi wiki ijayo, aende akapumzike. Alikwisha kuifungua mbele ya kibanda, gurudumu limekwisha kutoka, naye ameliweka kwenye kipimo chake cha chuma.

"Mwalimu," alisema bila kuinua kichwa, "ile ngazi ya kumi nitakuonyesha. Unakwenda mbele mno. Nipe huo ufunguo wa njiti."